Je, Yafaa Kumjua Mtoto Kabla Hajazaliwa?

Swali moja limetufikia mara nyingi siku hizi, kwa vinywa vya watu wa namna mbalimbali. Mama mmoja alimwuliza mwalimu wa mtaa baada ya ibada. Wazazi wengine walipigiwa simu na binti yao akaaye ng'ambo. Na mzee mmoja alisimama katika mkutano wa wazee, akanena wazi kwamba watu wa sasa wataka kufungua kile alichokifunga Mungu. Swali lenyewe ni hili: Je, yampasa Mkristo kupima mimba ili amjue mtoto aliyemo tumboni, uzima wake na kasoro zake, kabla siku zake hazijatimia? Wako wanenao kwamba kufanya hivyo ni kukosa imani. Wako na wanenao kwamba asiyepima ni mjinga tu. Sisi twaona wote wamejibu upesi mno, maana wamefunga katika mzigo mmoja vitu visivyo vya namna moja. Basi twawaomba wasomaji wetu watuvumilie tunapoufungua mzigo huo.

Tuanze na kipimo kijulikanacho zaidi, ndicho cha altrasaundi. Watu husema wamekwenda kupigwa picha, wakadhani ni jambo moja na eksirei, lakini sivyo. Eksirei ni miali ipenyayo mwilini, na tangu mwaka 1956 daktari mmoja wa Oxford, Bibi Alice Stewart, alianza kuonyesha ya kuwa watoto waliopigwa miali hiyo wakiwa tumboni walipatwa na saratani kuliko wenzao. Altrasaundi ni sauti, nyembamba mno hata sikio la mtu haliwezi kuisikia. Hutumwa mwilini, hugonga nyama na mifupa, hurudi kama mwangwi urudivyo bondeni, na mashine huugeuza mwangwi kuwa sura juu ya kioo. Asili yake ni kazi za mafundi wa chuma, waliotumia sauti ya namna hiyo kutafuta nyufa zilizofichwa ndani ya chuma kinene. Profesa Ian Donald wa Glasgow, pamoja na mhandisi Tom Brown na daktari John MacVicar, ndio waliokigeuza chombo hicho kiwafae wagonjwa, wakatangaza kazi yao mwaka 1958. Tutamtaja tena huyu Donald.

Kipimo hiki chaonyesha nini? Chaonyesha umri wa mimba, kama mtoto ni mmoja au ni mapacha, kama moyo wapiga, kama amekaa vema au amekaa vibaya. Chaonyesha pia mahali pa kondo la nyuma. Jambo hili la mwisho lastahili kuangaliwa sana, kwa maana kondo likikaa mlangoni mwa mji wa mimba, mama huweza kutokwa na damu nyingi hata akafa njiani, na mtoto pamoja naye. Ikijulikana mapema, hupelekwa karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji kabla uchungu haujamshika. Kwa ajili ya mambo kama hayo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kila mjamzito apimwe hivyo mara moja kabla ya juma la 24.

Viko vipimo vingine ambavyo mama zetu wamevizoea kliniki, wala hawaviiti kwa jina kubwa: kipimo cha wingi wa damu, cha kaswende, cha virusi vya Ukimwi. Kaswende ya mama humwua mtoto tumboni au humharibu, nayo hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Virusi vya Ukimwi, mama asipotibiwa, huwafikia watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100. Mama akimeza dawa zake barabara, hupungua hata chini ya 5. Hapo hatuoni swali la kubishaniwa. Wakulima wa mlimani humwomba Mungu maji, na alfajiri hushika jembe kwenda kutazama kama mfereji haukuziba. Hatujasikia mtu awaye yote akiwaambia kwamba kwa kuutazama mfereji wameikana sala yao. Mama akataaye kupimwa kaswende kwa kusema anamtumaini Mungu, amemwachia mtoto wake alipe gharama ya maneno yake mazuri. Na baba akataaye kwenda naye kliniki, kwa kuogopa kupimwa yeye, hata maneno mazuri hana.

Lakini mzee wetu hakuwa akinena juu ya kaswende. Alikuwa amesikia habari za vipimo vya namna nyingine, vitafutavyo kwa mtoto jambo lisilo na dawa. Kati ya hivyo, kinachonenwa zaidi ni kile cha kutafuta hali iitwayo Down. Mwaka 1959 huko Paris, Jérôme Lejeune na wenzake, akiwamo Bibi Marthe Gautier aliyezikuza chembe za mwili katika maabara, walitangaza kwamba mtoto mwenye hali hiyo ana kromosomu moja zaidi, yaani uzi mmoja zaidi wa urithi, kuliko watu wengine. Jambo hili likaweza kutafutwa tumboni, kwanza kwa kuchoma sindano na kuteka maji yamzungukayo mtoto, nayo sindano hiyo yaweza mara chache kuiharibu mimba. Kisha mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba ndani ya damu ya mama mna vipande vya urithi wa mtoto, na tangu mwaka 2011 kipimo cha damu kilichojengwa juu ya habari hiyo kimeuzwa katika nchi nyingi. Kwetu chapatikana kwa shida na kwa fedha nyingi, katika miji mikubwa. Lakini watoto wetu wamesambaa. Binti aliyebatizwa Machame hujikuta ameketi mbele ya daktari huko Minnesota au Hamburg, akaulizwa swali ambalo mama yake hakuulizwa kamwe, na usiku huohuo humpigia mama yake simu.

Hapo lazima tutenge jambo lingine, maana wengi hukosea. Kuna kipimo kisemacho "ndiyo" au "siyo", na kuna kipimo kisemacho "huenda". Hivi vya damu ni vya "huenda". Tuseme, kwa mfano tu, kwamba wamepimwa mama 10,000, na kati ya watoto wao 10 wana kasoro fulani ya nadra. Kipimo ni kizuri, chawapata wote 10. Lakini chakosea kwa mtoto mmoja katika kila 100 walio wazima. Hesabu itatupa watoto wazima wapatao 100 walioitwa wagonjwa. Mama 110 watarudi nyumbani wakilia, na 100 kati yao hawakuwa na la kulilia. Kwa hiyo madaktari waaminifu husema jibu la namna hii halitoshi kuamua neno lolote, mpaka kipimo cha pili kimelithibitisha. Umri nao huwatisha watu kupita kiasi. Ni kweli hali ya Down huongezeka kwa umri wa mama: kwa mwenye miaka 20 ni kama mtoto mmoja katika 1,500, na kwa mwenye miaka 40 ni kama mmoja katika 100. Basi huyu wa miaka 40, ambaye shangazi zake wamekwisha kumlilia, katika kila wenzake 100, 99 huzaa mtoto asiye na hali hiyo.

Sasa twafika kwenye kiini. Jambo lisilo na dawa, likiisha kujulikana, mtu alifanyie nini?

Tutazame Denmark, nchi ambayo watu wake wengi ni wa Kanisa la Kilutheri kama sisi. Mwaka 2004 mashauri mapya ya serikali yaliagiza wajawazito wote watolewe vipimo hivi, wapendao wapimwe. Katika miaka ya 2000 hadi 2004 walizaliwa huko kila mwaka watoto 55 hadi 65 wenye hali ya Down. Mwaka 2005 walizaliwa 31, na mwaka 2006 walizaliwa 32. Mtu asiyejua angedhani dawa imepatikana. Haikupatikana. Waliopungua ni watoto wenyewe. Na huko India, ambako altrasaundi ilitumika kumjua mtoto wa kike ili aondolewe, serikali ilitunga sheria mwaka 1994 kukataza kumwambia mzazi kama ni mume au ni mke. Hata hivyo hesabu ya mwaka 2001 ilikuta wasichana wadogo 927 kwa kila wavulana 1,000, na miaka kumi nyuma walikuwa 945. Kuwa msichana si ugonjwa kabisa. Twaona jinsi chombo kile kile kinachomwokoa mama mwenye kondo baya kiwezavyo kugeuka mlango wenye bawabu. Lejeune alihuzunishwa na matumizi hayo ya kazi yake hata kufa kwake mwaka 1994. Na Ian Donald, yule wa Glasgow, Mkristo aliyetaka mtoto wa tumboni aonekane ili apendwe, aliipinga kwa nguvu sheria ya Uingereza ya mwaka 1967 iliyofungua njia ya kutoa mimba. Wenye kutengeneza macho hawawezi kuamuru yatazame nini.

Lakini tusiwatazame watu wa Ulaya kana kwamba jambo hili ni geni kwetu. Lugha yetu ina neno kigego. Vijana wengine hawalijui, nasi twafurahi kwamba hawalijui, wazee walijua. Kigego ni mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, akahesabiwa kuwa nuksi kwa ukoo mzima. Na katika makabila mengine mtoto wa namna hiyo, au aliyetanguliza miguu, au mmoja wa mapacha, hakuachwa aishi. Kilikuwa ni kipimo. Watu walikuwa na dalili yao, na walio na mamlaka ya kuisoma, na hukumu iliyoandaliwa tayari. Wala hawakuwa watu wakali kuliko sisi; mama wa kigego alilia. Waliogopa tu, na hofu yao ilikuwa imepewa jina na utaratibu.

Tena iko historia iliyo karibu zaidi na Kanisa letu. Wasomaji wa Usambara waijua Lutindi, iliyoanzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliotolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 ikawa nyumba ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Kazi hiyo ina undugu na Bethel ya Ujerumani, mji wa wenye kifafa na wenye ulemavu. Basi huko Ujerumani, mwaka 1933, ilitungwa sheria ya kuwafanya tasa watu waliohesabiwa kuwa na urithi mbaya, na hata huko Bethel, katika hospitali za Kikristo, ilitekelezwa. Tarehe 18 Agosti 1939 wakunga na madaktari waliagizwa kuandikisha kila mtoto mchanga mwenye hali ya Down, au mwenye kichwa kikubwa, au mwenye viungo visivyo kamili. Lilionekana kuwa jambo la daftari tu. Kisha wakaja kuuawa, watoto na watu wazima. Hata Agosti 1941 katika nyumba za mauaji peke yake walikuwa wamekufa zaidi ya watu 70,000. Zilipofika Bethel mwaka 1940 karatasi za kuwaandikisha wagonjwa, mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alikataa kuzijaza, na mwenzake Paul Gerhard Braune, aliyeiandikia serikali waraka wa kupinga, akatiwa kifungoni.

Hatusemi kwamba daktari wa Denmark ni mwuaji wa namna ile. Twakataa kabisa ulinganisho huo, ambao baadhi ya wahubiri huupenda kwa sababu una kelele. Pale serikali iliamuru kwa siri na kwa nguvu. Hapa mama huulizwa kwa upole naye hujibu mwenyewe. Lakini upole huo nao una neno lake. Mama aambiwapo kwamba majirani wote wamekwisha kuchagua, na kwamba mtoto wake atakuwa peke yake shuleni, na kwamba yeye alijua lakini akamzaa makusudi, je, bado ameulizwa? Zamani mtoto mwenye ulemavu alikuwa jambo lililompata mzazi. Sasa watu waanza kumwona kuwa kosa alilolifanya mzazi. Hili twaliogopa kuliko mashine yoyote.

Yuko atakayetujibu: "Mchungaji, ni rahisi kwako kunena. Nani atakayembeba mtoto huyo?" Jibu hili ni zito, wala hatutaki kulipita. Sheria ya nchi yetu yakataza kutoa mimba, isipokuwa uhai wa mama uwe hatarini. Nasi katika mafundisho yetu twalishika katazo hilo. Lakini wote tumeziona nyumba ambamo mtoto hufungiwa chumba cha nyuma wageni wafikapo. Tumewaona waume walioondoka juma lile lile mtoto alipozaliwa, wakisema upande wao hakuna kitu cha namna hiyo, na mkwe akamtafuta mchawi. Baadaye mwanamume huyo hupewa mke mwingine, na usharika hula karamu. Usharika wa namna hiyo ukimwambia mjamzito "Zaa, ni mapenzi ya Mungu," umemtwika mzigo ambao wenyewe haukuugusa hata kwa kidole. Hatusemi katazo lilegezwe. Twasema wenye kulitangaza wamejiandikia deni, na deni hilo hulipwa kwa unga, kwa nauli, na kwa zamu za kumshika mtoto ili mama apate kulala.

Je, mtu aweza kukataa kujua? Twaona kwamba aweza, lakini si kila jambo. Kipimo ambacho jibu lake litamwezesha mama au mtoto kutibiwa, mzazi hana ruhusa ya kukikataa kwa sababu ya woga wake, kwa maana si mwili wake peke yake. Kipimo ambacho jibu lake haliwezi kubadili tendo lolote, ila litamtia hofu miezi mitano, huyo anaweza kusema, "Nashukuru, daktari, nitamjua atakapokuja," wala asihesabiwe mjinga. Na mwingine, mwenye moyo wa namna nyingine, atataka kujua hata lisilo na dawa, ili ajiandae, alie mapema, na siku ya kujifungua awe amekwisha kulia. Huyu naye yu sahihi. Mioyo haikutengenezwa kwa kalibu moja.

Ugonjwa wa selimundu wafaa kutajwa hapa, maana katika nchi yetu ndio utupatao zaidi: hukadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka. Baba na mama wakiwa wote wawili wamebeba mbegu yake bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Tunakaza neno kila mimba, kwa sababu tumewasikia wazazi wakihesabu kwamba mmoja akiisha kuugua, watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo, hesabu huanza upya kila mara. Siku hizi walimu wengine huwaambia wachumba wapimwe damu kabla ya kutangazwa kanisani. Twaona ni vema wajue. Lakini mwalimu asiitwae karatasi ile akaifanya amri ya kufunga au kuvunja ndoa, maana hapo amekuwa msomaji wa meno ya kigego kwa kalamu. Mtoto akizaliwa na selimundu akajulikana akiwa mchanga, yuko na dawa zimsaidiazo kuishi miaka mingi. Wafao zaidi ni wale wasiojulikana.

Neno gumu kuliko yote ni juu ya mtoto ambaye kipimo, kikiisha kuthibitishwa, chasema hataishi, kama yule ambaye fuvu na ubongo havikuumbika. Wazazi hao huja wakiwa na maswali ambayo hayana mlango. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipoketi chini wakanyamaza. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Yule mtoto apewe jina kama wazazi wataka. Akizaliwa akipumua, mkunga aliye Mkristo aweza kumbatiza kwa maji yaliyopo. Akizaliwa amekufa, azikwe kwa wimbo na kwa watu. Iko mitaa ambamo mtoto wa namna hiyo hufukiwa na wanawake wawili nyuma ya nyumba, na baba aambiwa asihudhurie. Hatujui desturi hiyo yamfariji nani.

Tuongeze jambo moja la kazi, maana walimu wengi wametuomba. Mtoto mwenye mgongo wazi huweza kuonekana kwa altrasaundi. Uti wa mgongo hufungika katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, mama asipojua bado kwamba ana mimba. Kwa hiyo vidonge vya foliki apewavyo kliniki mwezi wa nne vyafaa kwa damu yake, lakini kwa mgongo wa mtoto vimechelewa. Inafaa vianzwe kabla, tangu mume na mke wanapotazamia mtoto. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, ulionyesha vilipunguza hatari karibu robo tatu. Serikali imeagiza tangu mwaka 2011 unga wa viwandani utiwe virutubisho hivyo, lakini mahindi yasagwayo kwenye mashine ya kijijini hayana. Na kama mtoto amekwisha kuonekana ana mgongo wazi, kidonda kile chataka kufungwa na daktari wa upasuaji katika siku mbili tatu za kwanza kabla hakijaingia uchafu. Baadaye kichwa kikijaa maji, huwekewa mrija wa kuyapunguza. Mtoto aliyezaliwa mbali na hospitali kubwa hufika siku ya kumi, amefungwa khanga, na mara nyingi homa imekwisha kumwingia. Kwa hiyo mwalimu aletewapo habari ya namna hii aulize kwanza tarehe ya kujifungua, na umbali wa hospitali, na nani atabaki na watoto wengine nyumbani. Kisha awaite wazee jioni ile ile wahesabu nauli.